Taya la Mbuzi na Meno ya Babako

Ipo siku moja, mwanangu Nafula, ambayo kila nikiikumbuka huacha ninachofanya nikakaa kidogo. Sikupanga kukusimulia jana. Jana ulipoingia hapa kwangu mtaa wa Satellite na ile beji mpya shingoni, ukaniambia umepata kazi makumbusho, nilifurahi hadi nikasahau chai jikoni. Halafu ukainua mabega ukaniambia mimi nyanya yako, "Kukhu, usifurahi sana. Hii job ni ya kushikilia tu. Tunabeba mifupa na wadudu tunapeleka Kibera na Kawangware, watu wanashika-shika, wanaenda." Ningekujibu papo hapo, lakini chai ilikuwa imefurika jiko zima, na nikikasirikia mambo mawili kwa pamoja sisemi vizuri. Leo jiko ni safi na hasira imeisha. Vuta hicho kigoda ukae.

Wakati huo mimi na babu yako tulikuwa wapangaji kule Kibera, Soweto upande wa mashariki, kabla zile nyumba za ghorofa za serikali hazijasimama. Tulikuwa na chumba kimoja cha udongo na mabati, na babu yako alikuwa fundi wa milango na madirisha, basi tulilala na harufu ya mbao na kuamka nayo. Babako Wafula alikuwa mchanga, ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kushikwa. Alikuwa mnene, mcheshi, anacheka na kila mtu. Kisha akaanza kuharisha. Homa ikaja, akakataa titi, akawa anatafuna vidole na kulia sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisahau.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Bungoma kumwona mjukuu. Hukumkuta wewe, na ni hasara yako. Alikuwa mrefu, macho makali, mikono laini. Mimi sikumpendeza kwa lolote. Ugali wangu ulikuwa mwepesi, leso yangu nimeifunga vibaya, mtoto nimemfunika sana, kesho yake sijamfunika vya kutosha. Lakini yeye alimpenda mtoto hadi akawa anamwimbia akimwogesha, akimwimbia akimvalisha, na usiku nikiamka namkuta ameweka mkono juu ya kifua cha mtoto asikilize kama anapumua. Mtu anayempenda mtoto wako namna hiyo huwezi kumchukia hata ukijaribu, na mimi nilijaribu.

Siku moja akamfungua mtoto mdomo mlangoni penye mwanga. Akaona ufizi umevimba pande mbili, na chini ya ngozi kuna kitu cheupe kimejitokeza kidogo. Akaketi chini pale pale. "Ni yale yale," akasema. "Ni meno ya plastiki."

Nyinyi wa leo mnaweza kucheka, lakini ukienda mtaani na masikio wazi utalisikia jambo hili bado. Watu wa kila kabila pale ploti, kwenye ua wetu wa vyumba vya kupanga, waliliamini. Walisema mtoto mchanga akiharisha na kuwa na homa, yapo meno mabaya yamejificha kwenye ufizi, laini kama funza, na yasipotolewa yatamuua. Kila eneo lilikuwa na mama wake wa kuyatoa. Huyo wetu alitumia kipande cha waya wa gurudumu la baiskeli kilichonolewa ncha. Anashikiwa mtoto, anachimba ufizi, anakuonyesha kitu cheupe chenye damu kiganjani, na anakwambia shukuru Mungu. Watoto wengine walipona. Wengine walizikwa, na watu wakasema walicheleweshwa.

Na hapo ndipo penye jambo lenyewe, mwanangu. Mama mkwe alikuwa na kifungua mimba wake aliyeitwa Wafula. Aliharisha vivyo hivyo, akapata homa vivyo hivyo, akatolewa meno, akafa. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, ndivyo babako alivyopata jina lake. Basi yule mama miaka yote aliamini kwamba mtoto wake alikufa kwa sababu yeye alisitasita, aliogopa damu, akampeleka kuchelewa. "Safari hii sichelewi," akaniambia. Akaenda mwenyewe kuongea na mama wa meno. Angekuja Jumapili, tukitoka kanisani.

Babu yako nilipomuuliza alisema mama anajua. Mimi nilikuwa mke mgeni, sijamaliza hata kuzoea sufuria za nyumba ile. Kumpinga mama mkwe? Thubutu! Tena sikuwa na la kumpinga nalo. Sikujua kama ni kweli au si kweli. Nilichojua ni kwamba nikifikiria ule waya ukiingia mdomoni mwa mtoto wangu, maziwa yalikuwa yanakauka.

Sasa Jumamosi yake akina mama wa kanisa letu walikuwa na safari. Sisi wa Kibera na wenzetu wa Kawangware tulikuwa na umoja mmoja, na kila mwaka tulitoka pamoja na vyakula vyetu, tukaimba, tukarudi. Mwenyekiti alikuwa Mama Njeri, mwenye ploti kule Riruta, mama mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye nilimwogopa kidogo na baadaye nikaja kumpenda sana. Mke wa pasta ndiye aliyesema safari hii twende makumbusho, tuone kazi ya Mungu. Mama Njeri alinung'unika kwamba kazi ya Mungu hata Riruta ipo, lakini akaja. Mama mkwe naye akasema haniachi mimi nizunguke na mtoto mgonjwa peke yangu, akaja pia, amembeba mgongoni.

Tuliona ndege waliokaushwa, tukaona tembo, tukaona samaki ambao hatukuyajua majina yao. Mahali fulani palikuwa na kinyonga hai kwenye tawi, na Mama Njeri alipomwona alipiga yowe akajificha nyuma ya mke wa pasta, ambaye alikuwa nusu yake kwa ukubwa. Kwao kinyonga ni mkosi. Alikataa kupita pale mpaka tukamzungushia njia nyingine.

Mwishoni tukafika kwenye meza iliyokuwa pembeni, na hapo ndipo nilipomwona Mwalimu Akinyi. Kazi yake ilikuwa kama hiyo yako. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, miwani imening'inia kwa kamba, na mezani alikuwa na vitu ambavyo mtu aliruhusiwa kushika: mayai, manyoya, pembe, mafuvu, mifupa ya kila namna. Hakuhubiri. Alikuwa anakuangalia, anachagua kitu, anakuwekea mkononi, halafu anangoja.

Mama mkwe alisimama mbali, anamtikisa mtoto mgongoni maana alikuwa ameanza kulia. Mwalimu Akinyi akamwendea na mfupa.

"Mama, hebu nisaidie. Wewe naona ni mtu wa kufuga. Huyu mbuzi alikuwa na umri gani?"

Hapo alikuwa amegusa penyewe. Mama mkwe akanipa mtoto, akalichukua lile taya, akalipeleka karibu na macho, akapitisha kidole kwenye meno ya mbele. "Huyu ni mdogo," akasema kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Bado ana meno ya maziwa. Hajamaliza mwaka."

"Sawa kabisa. Sasa geuza upande ule mwingine."

Upande ule mwingine mfupa ulikuwa umekatwa kwa msumeno, ukaondolewa kama ukuta wa chumba. Na ndani, mwanangu, chini ya yale meno yanayoonekana, kulikuwa na meno mengine yamelala ndani ya mfupa, meupe, madogo, kila moja kwenye kijumba chake. Mama mkwe akayagusa moja moja.

"Haya yanafanya nini huku ndani?"

"Yanangoja zamu yao."

"Kila mbuzi anayo?"

"Kila mbuzi. Ng'ombe pia, mbwa pia. Na mtu."

Nikaona mkono wa mama mkwe umesimama. Akauliza polepole, "Na kwa mtoto wa mtu, yale meno ya plastiki ndiyo yapi?"

Kabla Mwalimu hajajibu, Mama Njeri akaangua kicheko. "Ngai! Nyinyi watu wa Kibera mko bado na hizo maneno? Mnachimba mtoto kama viazi?" Wengine nao wakacheka, wa Kawangware na hata wa kwetu, waliokuwa wakiyaamini jana yake tu.

Nilimwona mama mkwe akifunga uso wake. Ukiwahi kuona mtu akifunga duka, akishusha lile bati kwa nguvu, ndivyo alivyofanya. Akaliweka taya mezani, akamchukua mtoto kutoka kwangu, akageuka aondoke. Nikajua akitoka pale hatarudi, na kesho ni Jumapili. Nilitaka kumshika nguo.

Mwalimu Akinyi hakupaza sauti. "Mama Mwenyekiti," akasema, "wewe kinyonga amekukimbiza hapa sasa hivi na hakuna mtu amekucheka. Kwa meza yangu mtu akiuliza hachekwi." Kicheko kikakatika. Kisha akamfuata mama mkwe, akasimama mbele yake, akainua mdomo wake mwenyewe wa juu kwa kidole. Palikuwa na pengo pale panapokaa chonge, lile jino la pembeni lenye ncha. Akamwonyesha na upande wa pili. Napo pengo.

"Mama, mimi mwenyewe nilitolewa nikiwa mchanga," akasema. "Nyanya yangu alinipeleka, na hakuna mtu alinipenda kumshinda. Walichochimba ni jino langu, na halikurudi."

Mama mkwe akatazama lile pengo. Mwalimu akachukua taya jingine mezani, la mtoto mchanga, la plasta, limefinyangwa kuiga la kweli na limeachwa wazi upande. Akamwekea mkononi. Basi yule mama akafanya jambo ambalo bado naliona. Akatia kidole mdomoni mwa babako, akagusa ule uvimbe, taratibu. Akakitoa, akagusa mahali pale pale kwenye taya la plasta. Akarudia tena upande wa pili.

"Haya ni meno," akasema.

"Ni meno, mama. Yake mwenyewe."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua anayo. "Na Wafula wangu?"

Mimi peke yangu ndiye niliyeelewa, lakini Mwalimu Akinyi nadhani aliona usoni pake. Alivuta kiti kilichokuwa nyuma ya meza, akamketisha, yeye akachuchumaa chini mbele yake, miwani ikagusa sakafu. Mama mkwe akamweleza yote, mtoto alivyougua, alivyotolewa, alivyokufa, na kwamba alichelewa kumpeleka.

"Mimi sikuwa pale," Mwalimu akasema, "kwa hivyo siwezi kukwambia ni nini kilimuua. Kuharisha peke yake kunaweza kuua mtoto. Kumchimba ufizi na kitu kichafu pia kunaweza kuua. Sitakudanganya, mama. Lakini kuchelewa kumpeleka hakukumuua. Hilo naweza kukwambia."

Nimeishi miaka mingi, Nafula, na sijasikia tena ukweli mchungu kama ule ukisemwa kwa upendo kama ule. Mama mkwe alilia. Alilia kwa sauti ya kwao, sauti ya matanga, katikati ya jumba la watu, na miaka yote ya kujilaumu kwamba alichelewa ikageuka ikawa ya kujilaumu kwamba alimpeleka. Na unajua nani alikuwa wa kwanza kupiga magoti? Mama Njeri. Alimfuta uso na leso yake mwenyewe, anasema "Pole, pole mama, nisamehe mdomo wangu," na yeye pia machozi yanamtoka.

Mwalimu akanigeukia. Akauliza mtoto anaharisha tangu lini, amekojoa lini mara ya mwisho, na kama ananyonya. Akasema yeye si daktari, ila mtoto huyu asifike jioni bila kuonwa. Mama Njeri akaacha chapati zake zote pale kwenye nyasi, akatupeleka mwenyewe hadi kliniki moja ya Kawangware aliyoijua. Wakampa babako maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, na dawa, na usiku ule akashika titi. Nililia mimi sasa.

Jumapili mama wa meno akaja na kitambaa chake. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, mtoto mapajani. Hakumtukana. Alimkaribisha, akamshika kidole, akamwambia gusa hapa, haya ni meno yanangoja, akamweleza aliyoyaona. Yule mama hakuamini. Aliondoka amekasirika, akasema tumeharibiwa na watu wa mjini, na aliendelea na kazi yake mtaa wa pili. Sikufichi hilo. Makumbusho hayakubadilisha Kibera kwa siku moja.

Lakini ngoja. Wiki hiyo hiyo mama mkwe alinituma kwa mwuza nyama nimletee kichwa cha mbuzi mdogo. Tukapika supu, tukala, na taya akalichemsha tena, akalisugua, akalianika juu ya mabati. Kisha akampa babu yako akamwambia akate upande mmoja kwa msumeno wake ule mwembamba wa madirisha. Babu yako alishangaa, lakini mama anajua, si ndiyo? Akakata. Vipande viwili vya kwanza vikavunjika, ikabidi kununuliwe kichwa kingine, na supu tukaichoka.

Lile taya alilitembeza ploti kwa ploti. Aliporudi Bungoma alilibeba kwenye kiondo, chini ya nguo. Nilimkuta nalo sokoni huko miaka ya baadaye, ameketi kwenye gunia kati ya wauza mboga, msichana mmoja amepiga magoti mbele yake na mtoto mwenye homa. Alimpa taya, akamwambia ageuze. Lakini kabla ya hapo alianza na jambo lingine, na niliambiwa ndivyo alivyoanza kila mara, kwa kila mama. Alisema, "Mimi nilikuwa na mtoto anaitwa Wafula, nikampeleka achimbwe, akafa. Keti nikuonyeshe nilichokuwa sikijui."

Hebu fikiria, mwanangu, kulisema hilo mbele ya watu siku zote za maisha yako.

Kwa hiyo usiniambie tena habari ya kushikilia tu. Ukiona bora utafute kazi nyingine baadaye, tafuta, sikuzuii, nyumba zinalipiwa kodi. Lakini siku uliyo kwenye meza ile, uwe kwenye meza ile. Usianze na majina marefu uliyosoma chuoni. Mtu wa mbuzi mpe mbuzi, fundi muulize juu ya mbao na mchwa, mama wa kuuza omena muulize samaki, kisha umwachie ageuze mwenyewe upande wa pili. Na umngoje. Najua huna subira, umeirithi kwangu, lakini ngoja. Kitu ambacho mtu amekiona kwa kidole chake mwenyewe hakuna atakayemnyang'anya.

Akiuliza swali la kuchekesha usicheke, wala usimwache mwingine amcheke, hata awe mwenye ploti. Hujui nyumbani kwake kuna nani amelala kitandani. Usilolijua sema hulijui. Unalolijua liseme lote, hata likiuma, lakini kwanza angalia kama pana mahali pa kumketisha. Nyinyi mnabeba mifupa, mnabeba vioo vya kukuzia, mnabeba mabango. Waambie wakubwa wako Kukhu amesema mbebe na kiti.

Kesho mnaenda Kawangware, sivyo? Basi njoo nikuwekee mkono kichwani, usione haya, hakuna anayetuona. Mungu akutangulie, Nafula binti Wafula. Akupe macho ya kumwona aliyesimama mbali na meza, na ulimi usiomfukuza. Akuzidishie siku, na uzao, na meno ya kulia mema ya dunia. Na kama huko uendako yupo mama aliyekwisha kupanga jambo la Jumapili, Mungu amlete kwako Jumamosi.